Kitu Kinachoanguka Kinakwenda Kasi Gani?

Chukua kitabu kwa mkono mmoja na karatasi tupu kwa mkono mwingine. Vilaze bapa, usawa wa kifua, kisha uviachie kwa pamoja. Kitabu kitapiga sakafu kwa kishindo huku karatasi ikiyumbayumba hewani. Sasa ikunje karatasi ile ile iwe donge dogo lililobana, urudie. Safari hii sikio litapata taabu kujua kipi kimetangulia. Karatasi haikuongezeka uzito hata chembe. Kilichobadilika ni umbo tu. Halafu fanya jaribio la tatu, ambalo wengi hawajawahi kulijaribu: chukua karatasi ndogo kuliko kitabu, ilaze juu ya jalada bila gundi, isitokeze pembeni, uachie kitabu kikiwa bapa. Karatasi itashuka imetulia juu ya jalada mpaka chini, kana kwamba imebandikwa.

Majaribio haya yanachukua dakika moja, na ndani yake mna takriban kisa chote cha kuanguka. Wengi wetu tunaishi na moja kati ya imani mbili. Ya kwanza ni ya macho: kizito huwahi, chepesi huchelewa. Ya pili ni ya darasani: vitu vyote huanguka sawasawa, basi. Wenye imani hizi wakikutana, ubishi hauishi, kwa sababu kila upande una ushahidi wake. Ukweli ni kwamba wanajibu maswali mawili tofauti. Moja linauliza mvutano wa Dunia unakifanyia nini kitu. Lingine linauliza hewa inakifanyia nini kitu hicho hicho kikiwa njiani. Ukiyatenganisha, ubishi unakwisha. Ukiyachanganya, hata fomula sahihi haitakusaidia.

Namba 9.8 si kasi

Tuanze na mvutano peke yake, kana kwamba hewa haipo. Karibu na uso wa Dunia, kitu kilichoachiwa huongeza kasi yake kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa, na naamini kosa ni la namna tunavyofundisha: namba inatajwa haraka haraka, fomula inaandikwa ubaoni, na mtu anaondoka akidhani kwamba vitu huanguka kwa kasi ya mita 9.8 kwa sekunde. Sivyo. Hiyo 9.8 inaeleza jinsi kasi yenyewe inavyoongezeka, kile kinachoitwa mchapuko. Kitu kinachoanguka hakina kasi moja. Kinaanza na sifuri, na kila kipande cha sekunde kinakiongezea.

Tulifuate jiwe lililoachiwa kutoka mahali pa juu sana. Baada ya sekunde 1 linakwenda mita 9.8 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 35 kwa saa. Baada ya sekunde 2 limefikia mita 19.6 kwa sekunde, kilomita 70 kwa saa na ushei. Baada ya sekunde 3, mita 29.4 kwa sekunde. Baada ya sekunde 4, mita 39.2, yaani kilomita 141 kwa saa. Kasi inapanda kwa hatua zilizo sawa.

Umbali ndio wenye mambo. Katika sekunde ya kwanza jiwe linashuka mita 4.9 tu, si 9.8, kwa kuwa lilianza likiwa limesimama na likamaliza na 9.8, wastani wake ni nusu. Sekunde ya pili linashuka mita 14.7. Sekunde ya tatu, mita 24.5. Ya nne, mita 34.3. Sasa gawanya kila moja ya namba hizo kwa 4.9, utapata 1, 3, 5, 7. Namba witiri, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Mwanasayansi wa Italia Galileo Galilei aliuona mpangilio huu zaidi ya miaka 400 iliyopita, na kwangu mimi bado ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika fizikia: jiwe lisilojua hesabu linashuka kwa kufuata namba ambazo mtoto anaweza kuzitaja.

Jumlisha namba hizo hatua kwa hatua: 1, kisha 4, kisha 9, kisha 16. Hivyo ni vipeo vya pili vya sekunde zilizopita. Muda ukiwa mara mbili, umbali unakuwa mara nne. Muda ukiwa mara tatu, umbali mara tisa. Kwa hiyo huna haja ya kukariri fomula ndefu. Zidisha 4.9 kwa muda, kisha kwa muda tena, na una umbali kwa mita.

Mtu anayetaka kujua kina cha kisima anaweza kudondosha kijiwe na kuhesabu mpaka asikie mlio. Sekunde 2 zinamaanisha kama mita 20. Sekunde 3 zingekuwa mita 44, ila kwa kina hicho sauti nayo imetumia sehemu ya sekunde kupanda juu, kwa hiyo kina halisi kinapungua hadi mita 40 hivi.

Kuna kipimo kingine kinachohitaji rula tu. Mwambie mwenzako aishike rula ya sentimita 30 kwa ncha ya juu, ining'inie wima, sifuri ikiwa chini. Weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za ile sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukutaarifu, nawe uibane mara tu unapoiona ikishuka. Soma namba iliyo kwenye vidole vyako. Ukiidaka kwenye sentimita 11, umechukua sekunde 0.15. Ukiidaka kwenye 20 hivi, umechukua sekunde 0.2. Rula imegeuka saa inayopima wepesi wa jicho na mkono wako, na inafanya hivyo kwa sababu tunajua hasa itashuka kiasi gani katika kila sehemu ya sekunde. Ijaribu kwa rula ya mbao na ya chuma. Alama za sekunde ni zile zile.

Neno moja kuhusu kutua, maana hili linagusa usalama wa watu. Anayeanguka kutoka mita 5 anafika chini kwa kilomita 36 kwa saa hivi. Kutoka mita 10, kama 50. Kutoka mita 20, kama 71. Utaona kwamba kimo kikiongezeka maradufu kasi haiongezeki maradufu. Ili kasi iwe mara mbili, kimo lazima kiwe mara nne. Lakini nishati ya kugonga inakwenda sambamba na kimo: kimo mara mbili, nishati mara mbili. Hata mita 3, urefu wa ngazi ya kawaida, zinampeleka mtu chini kwa zaidi ya kilomita 27 kwa saa katika muda usiofika sekunde nzima. Muda huo unatosha kushtuka, hautoshi kujiokoa.

Kwa nini uzito haubadilishi kitu

Sasa swali lenye uzito wake. Dunia inalivuta jiwe la kilo 10 kwa nguvu mara kumi kuliko jiwe la kilo 1. Hilo halina ubishi. Yeyote aliyeyanyanyua mawe hayo mawili analijua. Kwa nini basi lile linalovutwa zaidi lisiwahi kufika?

Jibu ni kwamba kilo zina kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kuitikia mvutano: kilo nyingi, mvuto mwingi. Kazi ya pili ni kukataa kubadilishiwa mwendo. Sukuma toroli tupu, kisha sukuma lililojaa matofali kwenye sakafu ile ile. Lililojaa linagoma kuanza, na likishaanza linagoma kusimama. Ugumu huo hautokani na Dunia kulivuta chini, kwa sababu wewe unalisukuma kwenda mbele. Ni sifa ya tungamo lenyewe, yaani zile kilo za kitu, na ungeukuta hata mahali pasipo na mvutano wowote.

Rudi kwenye mawe yetu. Jiwe la kilo 10 linavutwa kwa kani ya nyutoni 98 (nyutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu), lakini kani hiyo ina mzigo wa kilo 10 wa kuuharakisha. Jiwe la kilo 1 linavutwa kwa nyutoni 9.8, na mzigo ni kilo 1. Gawanya 98 kwa 10, gawanya 9.8 kwa 1. Ni 9.8 pande zote mbili. Jiwe zito linapewa nguvu mara kumi na ukaidi mara kumi, na mambo hayo mawili yanafutana kabisa.

Kufutana huku kwa ukamilifu ndiko kunakopaswa kutushangaza, na vitabu vingi vinakupita kama jambo la kawaida. Hakuna sababu iliyo wazi kwa nini kiasi kinachoamua mvuto kiwe kile kile kinachoamua ukaidi. Isaac Newton hakutaka kulichukulia hivi hivi. Katika kazi yake kubwa ya mwaka 1687 anaeleza jinsi alivyotengeneza pendulamu mbili za urefu ule ule, visanduku viwili vya mbao vinavyobembea kwenye nyuzi, akajaza ndani yake vitu tofauti vya uzito ulio sawa: dhahabu, fedha, madini ya risasi, kioo, mchanga, chumvi, mbao, maji, ngano. Kubembea ni kuanguka kulikozuiwa na uzi. Kama dhahabu ingeanguka tofauti na ngano hata kidogo, visanduku vingeachana baada ya mizunguko mingi. Havikuachana. Newton alisema angeweza kuigundua tofauti ya sehemu moja katika elfu moja, kama ingekuwepo.

Tangu hapo wanasayansi hawajaacha kuitafuta tofauti hiyo. Mwaka 2016 Ufaransa ilirusha setelaiti iitwayo MICROSCOPE, iliyobeba mitungi ya titani na ya platini ikianguka pamoja kuizunguka Dunia kwa muda mrefu. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2022: hakuna tofauti mpaka kiwango cha sehemu moja hivi katika 1,000,000,000,000,000. Hayo ndiyo yanayosimama nyuma ya sentensi fupi ya darasani kwamba vitu vyote huanguka sawa.

Mawe mawili yaliyofungwa kamba

Kwa karne nyingi Ulaya na ulimwengu wa Kiislamu zilimsoma Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyefundisha kwamba kitu kizito hushuka haraka kwa kadiri ya uzito wake. Leo ni desturi kumtaja kama mtu ambaye hakujisumbua kuangalia. Naona si haki. Aliangalia sana: majani, mawe, vitu vinavyozama majini. Katika maji na katika hewa kizito mara nyingi huwahi kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba kile anachokiona ndani ya hewa ndiyo tabia ya kuanguka kwenyewe, na kudhani kwamba ukizidisha uzito mara kumi unazidisha kasi mara kumi.

Hilo la mwisho ni rahisi kulipima, na watu walilipima kabla ya Galileo. Katika karne ya 6, Yohana Philoponus wa Iskandaria aliandika kwamba ukiachia vitu viwili vilivyopishana sana uzito kutoka kimo kimoja, tofauti ya muda wa kufika ni ndogo mno. Mwaka 1586 Mholanzi Simon Stevin alichapisha habari za jaribio la matufe mawili ya madini ya risasi, moja zito mara kumi kuliko jingine, yaliyoachiwa kutoka kimo cha futi 30 juu ya ubao. Mlio wa kugonga ulisikika kama mmoja.

Galileo naye anahusishwa na mnara uliopinda wa Pisa. Habari hiyo inatoka kwa mwanafunzi wake Vincenzo Viviani, aliyeiandika miaka mingi baadaye, na wanahistoria wengi wana shaka nayo kama inavyosimuliwa. Mchango wa hakika wa Galileo ni mambo mawili mengine, na yote ni makubwa kuliko kurusha vitu mnarani.

La kwanza ni hoja. Tuseme kweli jiwe zito huanguka haraka na jepesi polepole. Yafunge kwa kamba, uyaachie. Jepesi litakuwa linamchelewesha mwenzake, na zito litakuwa linamvuta mwenzake, hivyo yote mawili yashuke kwa kasi ya katikati. Lakini mawe mawili yaliyofungwa pamoja ni kitu kimoja kizito kuliko lile zito peke yake, kwa hiyo yangepaswa kushuka haraka kuliko yote. Haiwezekani yawe polepole kuliko jiwe zito na haraka kuliko jiwe zito kwa wakati mmoja. Imani inayozaa majibu mawili yanayopingana haiwezi kuwa ya kweli. Njia pekee ya kutoka ni kwamba mawe yote huanguka sawa, na kamba haibadilishi kitu. Soma hoja hiyo mara mbili kama ni mara yako ya kwanza kukutana nayo. Haihitaji mnara wala saa.

La pili ni jaribio la subira. Katika zama zake hapakuwa na saa ya kupima sehemu za sekunde, na jiwe linaloanguka linakimbia mno. Galileo aliamua kuupunguza mwendo. Alichukua ubao mrefu wenye mfereji ulionyooka na kulainishwa, akauinua upande mmoja kidogo, akaviringisha kigololi cha shaba. Kwenye mteremko mdogo kigololi kinaanguka bado, ila taratibu. Muda aliupima kwa maji: chombo kikubwa chenye tundu dogo kilitiririsha maji wakati wa mwendo, kisha maji yaliyokusanyika yakapimwa kwenye mizani. Maji mengi, muda mwingi. Umbali ukatoka kama vipeo vya pili vya muda, kila mara, kwa kila mteremko. Matokeo aliyachapisha Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, akiwa tayari amepofuka.

Hewa inapoingia

Sasa turudishe hewa. Mvutano hauchagui, lakini hewa inachagua, tena sana. Kila kitu kinachoshuka lazima kiisukume hewa kando, na hewa inarudisha msukumo kwenda juu. Ukinzani huo hutegemea upana wa kitu, umbo lake, na zaidi ya yote kasi yake: kwa vitu vingi vya kawaida, kasi ikiwa mara mbili ukinzani unakuwa mara nne hivi.

Hii ina maana kwamba kuanguka hewani hakuwezi kuendelea kuongeza kasi milele. Mwanzoni kitu kinakwenda polepole, ukinzani ni mdogo, na mchapuko ni karibu 9.8. Kasi inapopanda ukinzani unapanda upesi zaidi, mpaka unalingana na uzito. Hapo nguvu mbili zimekabana, na kasi haiongezeki tena. Hiyo ndiyo kasi ya kikomo. Kitu bado kinashuka, ila kwa mwendo mmoja.

Ndiyo maana uzito unarudi mchezoni. Kwa umbo na ukubwa ule ule, kitu kizito kinahitaji ukinzani mkubwa zaidi ili kukabwa, na ukinzani mkubwa unahitaji kasi kubwa. Kwa hiyo kasi yake ya kikomo iko juu. Padri Giovanni Battista Riccioli aliliona hili Bologna, Italia, katika miaka ya 1640, alipodondosha matufe kutoka mnara wa Asinelli wenye urefu wa karibu mita 97. Matufe mawili ya udongo yaliyolingana ukubwa, moja likiwa na uwazi ndani, hayakufika pamoja, zito lilitangulia. Riccioli hakumpinga Galileo kwa hilo. Alikuwa ameipima hewa.

Tazama mvua. Tone lililoanguka kutoka mita 2,000 bila hewa lingefika chini kwa karibu mita 200 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Hakuna ambaye angetembea mvuani akabaki salama. Kwa sababu ya hewa, tone nene la milimita 5 linafika kwa mita 9 hivi kwa sekunde, na tone la milimita 1 kwa mita 4 hivi. Vitone vya wingu, vyenye upana wa sehemu ndogo sana ya milimita, vinashuka kwa sentimita moja au mbili kwa sekunde tu, na pumzi kidogo ya hewa inayopanda inatosha kuviinua. Ukiuliza kwa nini wingu lenye tani nyingi za maji halituangukii, jibu liko hapo: linaanguka, lakini polepole kiasi kwamba hewa inalishinda.

Ukubwa wenyewe unafanya maajabu. Kipunguze kitu urefu, upana na kina hadi nusu. Uzito unabaki moja ya nane, lakini eneo linalokutana na hewa linabaki moja ya nne. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo, hewa inakimudu zaidi. Sisimizi akidondoka kutoka kilele cha mti mrefu anatua, anaendelea na safari yake. Mnyama mkubwa hapati rehema hiyo.

Mwanadamu yuko katikati. Anayeruka kutoka ndege akiwa amelala kifudifudi hewani, mikono na miguu imetanuka, anafika kasi ya kikomo ya kama kilomita 200 kwa saa baada ya sekunde kumi na kitu. Akijigeuza kichwa chini, eneo linapungua na kasi inapanda sana. Akifungua parachuti, eneo linakuwa kubwa mno na anatua kwa kasi ya mtu aliyeruka kutoka kwenye ukuta mfupi. Uzito wake haukubadilika katika hatua yoyote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Felix Baumgartner. Tarehe 14 Oktoba 2012 aliruka kutoka puto lililokuwa kwenye kimo cha karibu kilomita 39, ambako hewa ni nyembamba kiasi cha kukaribia kutokuwepo. Bila cha kumzuia, alifikia kilomita 1,357 kwa saa, kasi iliyopita ya sauti. Kisha, akiwa bado anaanguka, kabla ya kufungua parachuti, akaanza kupungua kasi. Alikuwa anaingia kwenye hewa nzito zaidi, na kila tabaka lilikuwa na kasi yake ya kikomo iliyo chini ya ile ya tabaka la juu. Mtu anaweza kuanguka huku anapunguza mwendo. Ukilielewa hilo, umeelewa ukinzani wa hewa.

Na mahali ambapo hewa haipo kabisa? Tarehe 2 Agosti 1971, David Scott, kamanda wa safari ya Apollo 15, alisimama kwenye uso wa Mwezi mbele ya kamera ya televisheni, mkono wa kulia nyundo ya zaidi ya kilo moja, mkono wa kushoto unyoya wa ndege aitwaye kozi. Akaviachia. Vilishuka bega kwa bega na kugusa vumbi pamoja. Vilishuka polepole kuliko ambavyo vingeshuka hapa, kwa sababu mvutano wa Mwezi unatoa mchapuko wa mita 1.6 tu kwa sekunde kila sekunde, moja ya sita ya ule wa Dunia. Lakini unyoya haukuyumba.

Hata hapa Duniani 9.8 si ile ile kila mahali. Kwenye ikweta ni 9.78, kwenye ncha za Dunia ni 9.83. Dunia imetuna kidogo kiunoni, hivyo aliye kwenye ikweta yuko mbali zaidi na kitovu, na mzunguko wa Dunia unapunguza kiasi kingine. Tofauti hiyo ilijulikana kwa saa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka Cayenne, karibu na ikweta, saa ya pendulamu iliyokuwa sahihi Paris, akakuta inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Pendulamu yake ilikuwa inaanguka taratibu zaidi.

Kuanguka bila kutua

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulikataa wanapolisikia. Risasi iliyopigwa kutoka kwenye bunduki iliyolala sawa na ardhi, na risasi iliyoachiwa na mkono kutoka kimo kile kile kwa wakati ule ule, zingegusa ardhi tambarare kwa pamoja kama hewa isingeingilia. Mwendo wa kwenda mbele hauzuii wala haucheleweshi kuanguka. Ile ya bunduki inafika mbali, basi. Katika sekunde ya kwanza zote zimeshuka mita 4.9.

Newton aliichukua hoja hiyo akaipeleka mlimani. Piga mzinga kutoka kilele kirefu, mbali na hewa. Tufe linashuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza, kama kawaida. Lakini Dunia ni duara, na kwa kila kilomita 7.9 uso wake unajipinda chini kwa mita 4.9 hivi. Likipigwa kwa kasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde, tufe litashuka mita 4.9 na ardhi itakuwa imeshuka mita 4.9. Sekunde inayofuata, hivyo hivyo. Litaendelea kuanguka na halitafika chini kamwe.

Wanaanga walioko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga wako katika hali hiyo. Watu husema kule juu hakuna mvutano, lakini kwenye kimo cha kilomita 400 mvutano umebaki karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao na kila kijiko kilichomo wanaanguka pamoja kwa mchapuko mmoja, kama karatasi iliyolala juu ya kitabu. Albert Einstein alilifikiria jambo hili mwaka 1907, kwamba mtu anayeanguka hausikii uzito wake, na kutoka hapo akaanza safari iliyomfikisha mwaka 1915 kwenye nadharia mpya ya mvutano.

Mwezi nao unaanguka. Uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 kuliko sisi, na kama mvutano unapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kule ni dhaifu mara 3,600. Kwa kanuni ya vipeo vya pili, kitu chenye mchapuko mdogo mara 3,600 kinahitaji muda mara 60 kushuka umbali ule ule. Kwa hiyo Mwezi unapaswa kushuka kwa dakika moja kile ambacho jiwe hushuka kwa sekunde moja. Newton alililinganisha tarajio hilo na mzunguko halisi wa Mwezi, wa siku 27 na theluthi. Kila dakika, Mwezi unaiacha njia iliyonyooka na kujipinda kuelekea kwetu kwa mita 4.9.